Sikukuu Isiyongoja Upepo

Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwenye sikukuu inayongoja. Jioni ya Ramadhani 29 wazee hukodolea macho magharibi. Mwezi usipoandama, pilau ya Idi nayo haipikwi. Sherehe ninayoitumikia sasa huku Duluth, jimbo la Minnesota nchini Marekani, haingoji chochote. Tarehe yake ya Septemba hupangwa miezi mingi kabla, mabango yakabandikwa, wageni wakalipia hoteli. Anayesherehekewa hajaulizwa.

Naye ni kipanga na jamaa zake: tai, kozi, hata tumbusi. Majani yakianza kupukutika, hutoka Kanada na misitu ya kaskazini kwenda kusini, na mbele yao wanalikuta Ziwa Superior, ziwa pekee la maji matamu linalolizidi Victoria kwa eneo. Ndege hawa ni wavivu wa kupiga mabawa. Huingia kwenye hewa ya joto inayoinuka ardhini, wakazunguka nayo hadi juu kabisa, kisha wakateleza. Ziwa lenye maji ya baridi kali haliwapi hewa hiyo, kwa hiyo wakifika ufukweni hukata kona na kuandama ukingo kuelekea kusini-magharibi. Kwenye ncha ya ziwa ndipo ilipo Duluth, na juu ya kilima cha Hawk Ridge ndipo tulipo sisi.

Kazi yangu ya kujitolea ni kumsaidia mhesabuji. Hesabu yenyewe ilianza mwaka 1972, na kila mwaka huenda kuanzia katikati ya Agosti hadi Novemba. Darubini shingoni, kibonyezo mkononi. Tunawahesabu mmoja mmoja. Wakimiminika, kumi kumi. Wanaomiminika hivyo ni vipanga wa mabawa mapana. Kundi lao likizunguka pamoja wenyeji huliita birika, na kweli, hufanana na majani ya chai kwenye maji yanayotokota. Tarehe 15 Septemba 2003 walipita zaidi ya 101,000 kwa siku moja. Sikuwepo. Waliokuwepo huisimulia siku ile kama wazee wetu wanavyosimulia usiku wa Uhuru.

Wageni wa sherehe huja wakiitaka siku ile. Mwaka wangu wa kwanza, Jumamosi yenyewe, upepo ulitoka ziwani ukatuletea ukungu. Magari yamejipanga barabarani, watoto wamevalishwa mabawa ya karatasi, na juu hakuna hata kunguru. Upepo tunaoutaka sisi ni wa kaskazini-magharibi, ule unaosukuma baridi mpya. Nahodha wa jahazi ningemweleza kwa neno moja, maana naye hakutweka tanga kwenda Omani mpaka kusi livume. Lakini aliyenijia alikuwa mzee mmoja aliyeendesha gari saa tano. “Kijana,” akasema, “hao ndege wako wapi?” Nikamfafanulia habari za upepo, kwa mdomo na kwa mikono, kipwani hasa. Nilipotazama kibonyezo kilisoma 14. Kidole kilikuwa kikihesabu maneno yangu! Mhesabuji alicheka, akaandika sifuri.

Sifuri ile ilinikera siku hiyo. Sasa naiona kuwa ndiyo kazi yenyewe: asiyeandika siku tupu, laki yake ya 2003 ataifananisha na nini?

Mchana ukungu ulipasuka kidogo, na wenzetu wanaotega nyavu msituni wakaleta kipanga mmoja mdogo, jike. Walikuwa wameshampima uzito kwa kumtia kichwa chini ndani ya kopo tupu la krispi, humo hutulia kimya, na kumvisha pete ya namba mguuni. Jike ni mkubwa kuliko dume, kwa hiyo na pete yake ni pana zaidi. Atoaye mchango huruhusiwa kumwachia ndege. Yule mzee alitoa. Tukamwonyesha namna ya kushika, miguu yote miwili pamoja, si kwa nguvu. Alipomrusha, mikono yake ilibaki hewani kama ya mtu anayeomba dua. Hakuniuliza tena wengine wako wapi.

Hadi miaka ya 1940 watu walipanda kilima hikihiki na bunduki, wakiwatungua vipanga kwa mchezo. Siwezi kuwahukumu sana. Bibi yangu, akimwona mwewe juu ya vifaranga vyake, alipiga debe na kumlaani hadi ukoo wake wa saba.

Jumatatu upepo uligeuka. Mabirika yalipanda tangu saa nne asubuhi hadi vidole vikafa ganzi, na kilimani tulikuwa watu sita. Kwa hiyo ukijaliwa kufika Duluth, usifuate tarehe ya bango. Fuata utabiri wa hewa, na uje na sweta zito.