Masika ya Ngorongoro: mimi, yeye na kamera

Kama hujawahi kununiana na mwenzi wako kwa sababu ya kamera, basi bado hujaenda Ngorongoro mwezi wa nne.

Sisi tulikwenda. Wakati wa masika bei za kulala Karatu zinashuka, magari ya watalii yanapungua, na sisi wa kusubiri mwisho wa mwezi tunapata nafasi ya kujiona watalii katika nchi yetu wenyewe. Mume wangu akabeba kamera yake. Ngoja nikueleze kamera hiyo ni nini kwetu. Siku za kazi yeye ni mhasibu, wikiendi anapiga picha za harusi. Kamera ile na lenzi zake mbili ndizo zinazolipa ada ya mtoto. Na Jumamosi iliyofuata kulikuwa na harusi Arusha, malipo ya awali tumeshapokea na tumeshayala.

Kwa maneno mengine, tulikuwa tunapeleka mtaji wetu kwenye mvua!

Karatu, saa kumi na mbili asubuhi

Kutoka Arusha ni lami tupu: Makuyuni, Mto wa Mbu, halafu unapanda ule ukuta wa Bonde la Ufa huku Ziwa Manyara likibaki chini yako. Karatu tulilala usingizi mzito wa watu wa baridi. Asubuhi, udongo mwekundu umelowa, mashamba ya kahawa yananukia, na mvua ile nyembamba isiyo na haraka inashuka.

Zamani tungefunika kamera kwa mfuko wa rambo, kazi imekwisha. Lakini mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Mume wangu akaingia bafuni, akatoka na kofia ya kuogea ya hoteli, ile yenye lastiki. Akaivisha kamera. Ilikaa kama imeshonewa! Mzee aliyekuwa anatuendesha akacheka, akasema, "Huyu bwana anajua."

Getini Loduare ukungu ulikuwa umeshatumeza. Pale juu kwenye ukingo wa kreta ni kama mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na Karatu ni kama mita 1,500. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi ukifika hapo hulazimika kupanda, unapoa, unaacha maji yake msituni. Ndiyo maana upande huu wa mashariki una miti iliyoota ndevu za kuvu na mwani, wakati ukivuka kwenda upande wa Serengeti unakuta nyasi na vumbi.

Tuliposimama kuitazama kreta hatukuona kitu. Weupe mtupu. Mume wangu akataka kubadilisha lenzi palepale kwenye manyunyu. Nikamwambia, "Baba, ingia kwenye gari kwanza." Akaingia huku ananung'unika. Hapo nilikuwa sahihi, naomba iandikwe, kwa sababu mbele kuna mahali sikuwa sahihi. Ukifungua kamera nje wakati wa mvua, tone moja tu linatosha kufika ndani. Izime, funga vioo vya gari, elekeza mdomo wa kamera chini, ndipo ubadilishe.

Chini ya kreta

Tuliteremka kama mita 600, na chini huko ukungu ukaachia. Jamani! Kilomita za mraba 260 za kijani, nyumbu wamesimama wameipa mvua migongo, fisi amelala kwenye dimbwi kama yuko saluni. Flamingo wamelipaka Ziwa Magadi mstari wa waridi. Kwenye msitu wa Lerai tembo dume amelowa mpaka akawa mweusi, na meno yake yanang'aa. Wenzetu wanaokwenda kiangazi wanarudi na picha za vumbi, sisi tulipata hii.

Mume wangu alipigia picha dirisha la upande usiopigwa na mvua, kile kikombe cha mbele ya lenzi kikizuia matone. Kila baada ya dakika chache aliifuta kamera kwa kitambaa kikavu, akigusagusa tu bila kusugua. Kamera yake imeandikwa kuwa inastahimili hali ya hewa, lakini mwenyewe anasema maana yake ni kwamba inachelewesha maji, siyo kwamba inajua kuogelea. Na lenzi nayo lazima iwe ya aina hiyo hiyo, la sivyo maji yanapita kwenye maungio.

Siku nzima ya mvua, kamera ikawa salama kabisa.

Kosa langu

Jioni tulipanda tena mpaka ukingoni. Dirisha wazi, baridi inauma, kamera mapajani mwake imekuwa ya barafu. Tukasimama kwenye hoteli moja tunywe chai. Ukumbini moto unawaka, makoti ya wageni yanafuka mvuke, joto tamu. Mume wangu akaenda msalani. Mimi, kwa upendo wote, nikaichukua kamera, nikaivua kofia, nikaiweka karibu na moto ikauke. Nikaifuta, nikaizungusha lenzi mbele na nyuma nione kama kuna tone.

Aliporudi, kioo kilikuwa cheupe. Na weupe ule ulikuwa ndani.

"Nani amekwambia uiweke hapa?"

"Nilikuwa naikausha."

Hakujibu. Wanawake mnaijua ile ya kutojibu. Mimi nikawaza harusi, nikawaza ada, chai ikanishinda.

Aliyetuokoa ni yule mzee. Akasema, "Mwanangu, ukitoa soda ya baridi ukaiweka mezani, chupa si inatoka jasho? Basi kamera yako ndiyo soda." Hewa ya joto yenye unyevu ikigusa kitu cha baridi hugeuka maji. Na mimi nilipozungusha lenzi ile inayorefuka na kufupika, niliivuta hewa hiyo mpaka ndani.

Akatukataza kuiwasha. Betri ikatolewa, na memori kadi. Kamera na lenzi zikafutwa kwa nje, zikaingia kwenye bakuli lake la chakula lenye mfuniko wa kubana, ambalo nusu yake limejaa vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya, ambavyo wengi wetu tunavitupa. Kazi yake ni kunywa unyevu. Mchele hapana, alisema, unaacha unga. Mashine ya kukaushia nywele ndiyo kabisa usijaribu.

"Sasa iacheni mpaka asubuhi. Msifungue kuchungulia."

Asubuhi

Usiku ule Karatu tulilala kila mtu upande wake. Sikuwa na la kusema zaidi ya samahani, na hiyo nilishaisema. Alfajiri nikasikia mfuniko unafunguka. Kimya. Halafu mlio wa picha moja, mbili, tatu. Kioo kilikuwa safi. Akanigeuzia kamera, akanipiga picha nikiwa na kilemba cha kulalia. Nikajua tumesameheana.

Harusi ilipigwa picha, wenyewe wamefurahi. Tuliporudi nyumbani lenzi hazikurudi kwenye begi lenye unyevu, maana kuvu hupenda giza na majimaji, na ikishaota kwenye kioo fundi atakula hela yako. Na siku hizi tukitoka kwenye baridi, kamera inafungwa kwenye begi kabla hatujaingia ndani, inakaa humo saa moja au mbili mpaka ipate joto taratibu. Hakuna anayeigusa.

Kumbe mvua haikuwa adui yetu. Adui alikuwa haraka yangu. Nenda na mwenzi wako masika hii, beba kofia ya kuogea, na mkigombana, msikimbilie moto. Pumzikeni kwanza mpaka asubuhi.