Ujira wa Mwalimu wa Binti Zetu

Kwa muda wa miaka miwili nilikuwa mweka hazina wa kituo kidogo cha mazoezi hapa Kyela, ukumbi wa bati uliojengwa kwa michango ya wazazi ili vijana wetu wapate mahali pa kunyoosha viungo badala ya kushinda vijiweni. Hesabu nilizitunza kwa mkono wangu, na naweza kusema mbele ya Mwenyezi Mungu kwamba hakuna shilingi iliyopotea. Hata hivyo, dhuluma iliyofanyika pale ilipita katika daftari langu mwezi baada ya mwezi, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na jumla zote zikiwa sahihi.

Kituo kilikuwa na walimu wawili wa karate. Mwalimu wa wavulana alitoka Mbeya, kijana mpole mwenye mkanda mweusi, aliyeteremka kwa basi kupitia Tukuyu kila Ijumaa na kurejea Jumapili. Mwalimu wa wasichana alikuwa mama wa watoto wawili, mkazi wa Ipinda, mwenye mkanda wa kahawia. Kila mmoja alifundisha vipindi vinne kwa wiki. Kijana tulimlipa shilingi 200,000 kwa mwezi, na nauli juu yake. Mama yule tulimpa shilingi 70,000. Nauli ya bodaboda kutoka Ipinda alijilipia mwenyewe, na hapakuwa na mtu yeyote kati yetu aliyewahi kumuuliza ni kiasi gani.

Nisieleweke vibaya. Kamati yetu haikuwa ya watu wabaya, wala wavivu wa kufikiri. Kabla ya kituo kufunguliwa tulikaa vikao vitatu kujadili kama yafaa mtoto wa Kiislamu ainame kumsalimu mwalimu wake kama desturi ya karate ilivyo, tukakubaliana waweke mkono kifuani badala ya kuinama. Tulijadili mapazia ya madirisha, kufuli la mlango wakati wa kipindi cha wasichana, na suruali pana zisizobana. Tulikumbushana makatazo ya Mtume (SAW) juu ya kupiga uso. Ujira wa walimu hatukuutengea hata kikao kimoja. Kijana alitaja bei yake, tukaikubali. Mama hakutaja, nasi tukaona amejitolea.

Mwaka ule mvua za masika zilikuwa nyingi. Wanaoijua Kyela wanajua bonde hili linavyokuwa mwezi Aprili, mito inaposhuka kutoka milimani kwa pamoja na maji kutafuta njia ya kwenda ziwani kupitia mashamba na nyumba za watu. Ukumbi uliingia maji, tukaufunga kwa wiki mbili. Mwisho wa mwezi kijana alilipwa fedha yake yote, kwa kuwa kufungwa kwa ukumbi si kosa lake. Mama nilimkata nusu. Nilimhesabia noti za shilingi 35,000, nikamsogezea daftari atie sahihi. Akalitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida, akarudisha ukurasa mmoja nyuma, kisha akauliza kwa sauti ya chini kabisa:

“Mzee wangu, mbona jina langu liko ukurasa wa sadaka?”

Ni kweli. Jina la kijana lilikuwa chini ya kichwa cha habari “Mishahara”. Lake lilikuwa chini ya “Misaada na Sadaka”, baina ya sabuni ya kufulia mapazia na mchango wa mazishi. Nilimjibu kwamba ni mpangilio wa hesabu tu. Akatia sahihi, akaaga kwa adabu, akaondoka.

Nililipeleka suala hilo kikaoni baada ya swala ya Isha. Mwenyekiti alisema dada huyu anafanya kazi fisabilillah na malipo yake yako kwa Allah. Mwingine akasema ana mume wa kumlisha. Nami, kwa kujiona msomi, nikaongeza hoja ambayo hadi leo nikiikumbuka nasikia haya: kwamba hata katika mirathi mwanamume hupata mafungu mawili na mwanamke moja, kwa hiyo tofauti hii si ngeni katika dini yetu. Wajumbe walitikisa vichwa kukubali. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Mke wangu ni mfanyabiashara wa mchele. Hununua mpunga vijijini, hukoboa, na kuuza kwa wanaoupeleka Mbeya na Dar es Salaam, ambako jina la mchele wa Kyela peke yake ni bei. Nilimsimulia hoja yangu nikitarajia sifa. Alinyamaza kidogo, akauliza:

“Baba watoto, nikipeleka mchele wangu sokoni, mizani huuliza kama nina mume?”

Sikuwa na jibu. Akaendelea kupanga magunia yake.

Kesho yake nilimwendea imamu wetu, nikitumaini kwa siri kwamba ataniunga mkono. Hakunikaripia, ila alinipanga upya kama mwanafunzi wa madrasa. Mirathi, alisema, ni mgawo alioupanga Mwenyezi Mungu mwenyewe katika mali ambayo mrithi hakuitolea jasho. Ujira ni bei ya kitu kilichouzwa, na kilichouzwa ni kazi. Wajibu wa mume kumlisha mkewe ni deni la mume, si punguzo la bei kwa mwajiri, na anachokichuma mke ni chake. Akanikumbusha ile hadithi iliyopokewa na Bukhari, kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Akanirejesha pia katika Surat al-Qasas, kwenye kisa cha Nabii Musa (AS) huko Madyan. Yule mzee alimtajia Musa sharti lote kabla ya kazi kuanza, miaka minane, na akitimiza kumi ni kwa hiari yake. Na aliyetoa shauri la kumwajiri alikuwa binti wa mzee huyo.

“Nyinyi mlimtajia nini huyu dada kabla hajaanza?” aliniuliza. Hatukumtajia kitu.

Ndugu msomaji, hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Neno fisabilillah ni neno zito, na mwenye haki ya kulitamka juu ya jasho ni mwenye jasho. Sisi tulilitamka kwa niaba yake. Tulimjazia thawabu ambazo si zetu kuzigawa, kisha tukabaki na fedha zake. Na nikiwa mkweli, hatukuthubutu kumwambia hivyo yule kijana wa Mbeya, kwa sababu angepanda basi na kwenda zake. Mama wa Ipinda hakuwa na basi la kupanda. Tazameni walimu wengi wa madrasa zetu, wake kwa waume, mtaona kwamba neno hili humwangukia zaidi yule asiye na pa kwenda.

Tofauti za haki zipo, na sizikatai. Mkanda mweusi hupatikana kwa miaka mingi ya mazoezi na mitihani, na tangu enzi za miaka ya 1970, Nantambu Camara Bomani alipokuwa akifundisha Goju-Ryu jijini Dar es Salaam, watu wa karate wa nchi hii wameuheshimu. Anayesafiri kutoka mbali naye anastahili nauli. Lakini tofauti ya mkanda na tofauti ya safari zina vipimo vyake. Shilingi 130,000 haikuwa kipimo cha mkanda, ilikuwa kipimo cha woga wetu kwa mmoja na ukimya wa mwingine. Katiba yetu, Ibara ya 23, inampa kila mtu haki ya ujira unaolingana na kazi yake bila ubaguzi wa aina yoyote, na tangu mwaka 1951 mataifa yana mkataba wa Shirika la Kazi Duniani juu ya ujira sawa kwa wanaume na wanawake kwa kazi yenye thamani sawa. Nilikuwa nikiyafahamu hayo kama mtu anavyofahamu jina la jirani ambaye hajawahi kumtembelea.

Nilipofungua tena daftari, nikakuta jambo ambalo lilikuwa wazi siku zote. Kila mtoto alilipa shilingi 10,000 kwa mwezi. Wavulana walikuwa 19, wasichana 27. Wazazi wengi wa mabinti wale walikubali kuwaleta kwa sharti moja tu, kwamba mwalimu awe mwanamke. Bila yeye, ada zile 27 zisingekuwapo. Ada za wavulana, shilingi 190,000, hazikutosha hata mshahara wa mwalimu wao, achilia mbali nauli. Pengo hilo, miezi yote, lilizibwa na fedha zilizoletwa na mwalimu tuliyemwandika katika ukurasa wa sadaka.

Kijana wa Mbeya tulipomweleza, alishtuka. Alidhani wanalipwa sawa, na akataka apunguziwe yeye. Tulikataa, maana haki ya mmoja haitengenezwi kwa kumvunjia mwingine mkataba. Tulipandisha ada hadi 12,000, na wazazi wanne wakawatoa watoto wao. Ujira wa mama yule ukawa shilingi 180,000, pungufu ya 20,000 kwa ajili ya mkanda, hadi atakapofanya mtihani wake. Nauli ya bodaboda ikaandikwa mstari wake. Kisha tukahesabu miezi 14 iliyopita, pamoja na ile nusu ya Aprili, tukapata shilingi 1,575,000.

Fedha hiyo hatukuwa nayo. Mwenyekiti, kwa nia njema, alimwita na kumwomba asamehe apate malipo makubwa zaidi Akhera. Nilikuwapo. Alisikiliza akiwa ameinamisha macho, kisha akasema:

“Shikamooni wazee wangu. Kusamehe nitafikiri mwenyewe nikiwa kwenye mswala wangu, siku fedha zikiwa mkononi mwangu. Mtu hawezi kusamehe kitu ambacho bado mnabishana kama ni chake.”

Imamu alicheka, akafuta macho.

Hadi ninapoandika haya tumemlipa 700,000 kwa mafungu mawili, la pili baada ya mavuno ya mpunga. Limebaki deni la 875,000. Mimi nimeachia uweka hazina kwa ajili ya umri, na daftari jipya nimemkabidhi kijana wa Ipinda ambaye dada yake hufanya mazoezi pale. Ukurasa wa kwanza nimeandika mwenyewe: “Madeni”, jina la mwalimu, na kiasi. Kabla sijalikabidhi nilimwonyesha mke wangu. Alisoma, akaniuliza mbona nauli za bodaboda za miezi ile 14 sikuzijumlisha.