Tumwulize Nini Mgombea wa Shura?



Katika nyumba zetu hapa Maskati neno "siasa" halitajwi kwa furaha. Wazee wetu waliokuwako Unguja na Pemba baina ya mwaka 1957 na 1963 huiita miaka ile "zama za siasa", nao huikumbuka kwa uchungu. Majirani hawakusalimiana, maduka yaligomewa, na hata mazikoni watu walibaguana kwa vyama. Katika fujo za uchaguzi wa Juni 1961 walikufa watu 68. Kisha yakaja ya Januari 1964, na wengi wetu tuko hapa leo kwa sababu ya mwezi ule, tukiwa tumepokewa baada ya Sultani Qaboos kufungua milango mwaka 1970. Si ajabu basi kwamba mzee akiona picha ya mgombea njiani huinamisha macho na kusema, "Haya yalitutosha kule."

Hofu hiyo tunaiheshimu, kwani haikuzuka bure. Hata hivyo tunaona kwamba imetugharimu. Tunapokaa mbali na kura, mahitaji ya nyumba zetu hayanyamazi. Husemewa na wengine, au hayasemwi kabisa.

Majlis Shura ya Oman, iliyoanzishwa mwaka 1991, haina vyama. Wilaya yenye raia wasiozidi 30,000 huchagua mjumbe mmoja, na iliyozidi hapo huchagua wawili. Mwaka 1994 wanawake wa mkoa wa Maskati walipata haki ya kuchagua na kuchaguliwa, na wawili wakaingia barazani. Tangu mwaka 2003 kura ni ya kila raia aliyetimiza miaka 21. Mwaka 2011, baada ya vijana wa Sohar na kwingineko kudai kazi, serikali ilitangaza nafasi 50,000 za ajira, na baadaye mwaka huohuo Majlis ikaongezewa madaraka katika kutunga sheria. Katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2023 kura zilipigwa kwa simu ya mkononi, hata bibi asiyeweza kutoka nyumbani aliweza kushiriki.

Majuma machache kabla ya siku hiyo tulimkaribisha mgombea mmoja katika nyumba ya mzee wetu, baada ya Isha. Alizungumza Kiarabu, na kijana wetu mmoja akawafasiria wazee. Kinamama walisikiliza kutoka chumba cha pili na kuleta maswali yao kwa vikaratasi. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa si yeye tunayemkusudia bali majibu yake.

Swali la kwanza lilikuwa la kazi. Mzazi mmoja alisema kuwa bintiye amehitimu chuo na huu ni mwaka wa tatu anangoja. Mgombea alijibu, "Mjumbe wa Shura haajiri mtu. Atakayekuahidini kazi ya mtoto wenu anakudanganyeni." Alilosema anaweza kulifanya ni kuzisoma rasimu za sheria za kazi zinapoletwa, na kutaka waziri anayehusika ahojiwe jinsi makampuni yanavyowapa raia nafasi. Akaongeza kuwa kima cha chini cha mshahara wa raia katika makampuni, riali 325, kiliwekwa mwaka 2013. Tangu hapo ruzuku ya petroli iliondolewa Januari 2016, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 ikaanza Aprili 2021. Mwenye kima hicho, alisema, ana haki ya kuuliza kwa nini bei zimepanda naye amebaki palepale.

Kikaratasi cha kinamama kiliuliza juu ya wale wanaopika sambusa, visheti na vileja na kuviuza kutoka majumbani. Alikiri kwamba jambo hilo hakulifikiria kabla ya usiku ule, akaliandika. Kisha akauliza yeye: mnauza kwa nani, kikwazo ni nini, masharti au mtaji? Tulifurahi kuulizwa kuliko ambavyo tungelifurahi kuahidiwa.

La tatu lilikuwa la mabonde. Aliyeona Qurum ilivyofanywa na Gonu Juni 2007, au miji ya Batina ilivyofanywa na Shaheen Oktoba 2021, hahitaji kuelezwa khatari ya wadi. Hapo alisema waziwazi kwamba barabara na njia za maji za mtaani ni mambo ya Baraza la Manispaa, ambalo lina uchaguzi wake tangu Desemba 2012. Yeye aweza tu kuuliza bajeti na mipango inasema nini.

Mwishoni mtu mmoja alimwuliza kabila lake. Alilitaja kwa neno moja, na mazungumzo yakaendelea.

Hakushinda. Lakini usiku ule ulituachia kipimo: mgombea mwema hujua mpaka wa kazi yake, na asilolijua huliuliza. Kwa kipimo hicho nasi twajipima. Wapo miongoni mwetu wanaokaa Seeb au Bausher ilhali majina yao yameandikishwa katika wilaya za asili, Sharqiya au Dakhiliya, wakampigia kura mtu wasiyemjua kwa ajili ya nasaba tu, na mtaa wanaolala ukakosa msemaji. Uchaguzi ujao unatazamiwa mwaka 2027. Kila mmoja na aulize mapema jina lake liko wapi na utaratibu ukoje. Aidha mwaka 2023 hakuchaguliwa mwanamke hata mmoja katika viti 90, baada ya wawili wa mwaka 2019; basi vikaratasi vya kinamama visiishie chumba cha pili.

Ndugu zetu wenye pasipoti za Tanzania na Kenya hawana kura hapa, lakini bei za sokoni na maji ya wadi ni yao pia. Nao waje wakae, waseme yanayowasibu, ili mwenye kura aulize kwa niaba yao.

Kwa wazee wetu tunasema kwa adabu: lililotuumiza kule halikuwa kura peke yake, bali kuacha kuzikana kwa sababu ya kura. Kushauriana ni amri tuliyofundishwa, na Sura ya 42 ya Qur'ani Tukufu inaitwa kwa jina hilohilo la Shura. Na tuulize, tuchague, tukhitilafiane ikibidi. Kisha asubuhi tusalimiane, na akifiwa mmoja wetu tuwe wote mazikoni.

Wabillahi Tawfiq.