Mgeni Wangu na Mitungi Tisa

Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wangu mimi hangeweza kushika jembe. Alikuwa kobe wa maji.

Nilimwokota likizo ya Aprili kwa nyanya, kule Chepalungu, kando ya bwawa la kunyweshea ng'ombe. Gamba lake lilikuwa bapa, rangi ya matope. Akiogopa hukunja shingo upande na kutoa harufu mbaya ajabu. Abiria wa matatu walifungua madirisha yote mpaka tukafika kwetu, huku kwenye chai. Nikamwita Mzee, nikamtia katika beseni la kufulia.

Shule ilipofunguliwa tukasoma ujazo. Nikasema, mbona nisipime beseni la Mzee? Nusu kipenyo sentimita 21, kina cha maji sentimita 10. Jibu: karibu lita 14. Nikajivuna kweli! Lakini mwalimu wa biolojia akaniambia kwamba wafugaji hukadiria lita 15 kwa kila sentimita moja ya gamba. Gamba la Mzee lilikuwa sentimita 12. Lo! Lita 180, yaani mitungi tisa ya lita ishirini. Akikua afike sentimita 20, mitungi 15. Na kobe hula humo na kunya humo, kwa hivyo maji yakichafuka ni ya kumwagwa. Mwalimu akaongeza kwamba Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kufuga mnyama wa porini bila kibali.

Hilo la sheria nililipuuza. Jioni nikamwomba mama pipa la ng'ombe. Ndio tu alikuwa ametoka kuchuma chai, kapu bado mgongoni. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Na hayo ya beseni, unadhani nani huyabadilisha ukiwa shule?"

Nikanyamaza. Dada yangu mdogo alikuwa mlangoni, macho chini. Tangi la mvua hatuna. Kila alasiri aliteremka mtoni, akapanda kilima na mtungi wa lita kumi, ili Mzee wangu asinuke. Na mimi kila usiku nilijisifu, "Mwaona Mzee alivyo safi!" Niliona haya hadi chakula kikanishinda.

Jumamosi tukapanda matatu sisi wawili, tukamrudisha Mzee kwenye bwawa lile lile. Aliingia majini, blup! Hata hakugeuka kutuaga. Dada akacheka, akaniuliza, "Hili bwawa ni mitungi mingapi?" Nikaanza kupiga hesabu, ikanishinda.

Wenzangu, ukitaka kufuga, usipime chombo peke yake. Uliza pia ni nani atakayeteka maji.