Kurasa Elfu Moja za Tauni



Ndugu wasomaji, kuna wazazi waliotuuliza kama kijana wa Kiislamu anaweza kusoma riwaya za kutisha. Sisi si mashekhe, tutaeleza tu ile tuliyoisoma nyumbani kwetu Kasese. Inaitwa The Stand, ya Mmarekani Stephen King. Ilitoka mwaka 1978 ikiwa imepunguzwa, kisha mwaka 1990 akaitoa nzima, kurasa zaidi ya 1,100. Tuliyoipata ni hiyo nzima, ya mtumba, haina jalada la nyuma.

Muda tulikuwa nao. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kwa wote hadi Januari 2022. Baada ya Isha mmoja wetu alisoma kwa sauti, mwingine akamfasiria Mama kwa Kiswahili.

Kisa kinaanza na maradhi kuponyoka katika kambi ya jeshi. Mlinzi wa lango anamchukua mkewe na mtoto usiku, anatoroka kwa gari, na njia nzima anaacha ugonjwa nyuma yake. Hapo Mama akatusimamisha. "Huyu hakupata habari ya Umar?" Mtume (S.A.W.) alikataza kuingia nchi yenye tauni, na aliyemo kutoka kwa kuikimbia. Ndiyo maana Sayyidna Umar (R.A.) aligeuza msafara pale Sargh aliposikia tauni imeshika Sham, na Abu Ubayda (R.A.), aliyekuwa huko Sham, akabaki na watu wake mpaka ikamchukua. Usiku ule hatukusoma tena. Yule mlinzi ni baba aliyetaka mwanawe aishi. Nani kati yetu angebaki langoni?

Kwa watu wa Bwera hilo si swali la kitabuni. Juni 2019 Ebola ilivuka kutoka Kongo pamoja na familia moja iliyotoka mazishini. Tarehe 11 ikathibitishwa kwa mtoto wa miaka 5. Watatu wa familia ile walifariki. Upande wa Kongo ugonjwa ulidumu tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, ukaua watu 2,287. Shangazi yetu anauza vitenge Mpondwe, na anakumbuka siku za soko zilivyosimamishwa, maji ya klorini kila mlango, na watu kusalimiana kwa kuweka mkono kifuani.

Sura iliyotushinda haina zimwi wala damu. Msichana, Frannie, anamfunga baba yake kwa kitambaa na kumzika peke yake bustanini. Mama aliuliza taratibu, "Na nani kamwosha?" Hakuna aliyejibu. Tulijua anawaza maiti wa Ebola, wasioguswa na jamaa zao, wanaozikwa na watu waliojifunika mwili mzima. Mashekhe wanasema dharura ina hukumu yake, nasi tunakubali, lakini moyo wa mtoto ni jambo jingine.

Shetani wa kitabu, Randall Flagg, hakututisha hata nusu ya hapo. Katikati waliosalia wanakaa vikao vya kamati kurasa na kurasa (wanaokaa kamati za misikiti watavitambua!), na mwisho umefungwa kwa haraka kuliko tulivyotaka. Pia kuna matusi na mambo ya chumbani, tuliyaruka mbele ya Mama. Wadogo wasipewe.

Idi iliyopita Shangazi alikiomba, Kiingereza chake ni kizuri kuliko chetu. Amefika pale Larry anapopita handaki la kutokea New York, gizani, kati ya magari yaliyojaa maiti. Ametuma salamu kutoka Bwera kwamba sehemu hiyo ataisoma mchana, dukani, watu wakiwapo.