Mimba si Ugonjwa

Kiswahili kina maneno yanayoanza kwa ki- na kujirudia yenyewe, na mengi kati yake hutaja jambo lisilotaka kutulia: kizunguzungu, kiherehere, kimulimuli, kichefuchefu. Tangu nilipotoka Chuo cha Ualimu Korogwe nililifundisha somo hili kwa furaha, kama mtu aonyeshaye vito vya urithi. Mwaka 1987 lile neno la mwisho nililijua kwa njia nyingine.

Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya bweni huko Njombe, mbali na kwetu Pangani, nami nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Hapo mwanzo moyo ulinichafuka asubuhi tu, kama nilivyotabiriwa na wanawake wenzangu. Ilipofika wiki ya nane nilikuwa nikikokomoka mchana na usiku, hata mara ishirini kwa siku. Chakula kikiisha ilitoka nyongo; nyongo ikiisha, damu kidogo ya koo lililochubuka. Wazee walioliita bonde la juu ya tumbo chembe cha moyo hawakukosea, kwani hapo ndipo nilipokuwa nimekunjwa mithili ya nguo inayokamuliwa.

Adui yangu alikuwa harufu: mafuta ya taa, ugali unaosongwa ng'ambo ya uwanja, hata vumbi la chaki. Kiranja wa kidato cha tatu akaanza kufuta ubao kwa kitambaa kibichi kabla sijaingia, na kufungua madirisha yote, ingawa Juni ya Njombe ni baridi ya kupenya mifupa. Wenzake walikaa wamejikunyata bila kunung'unika. Hakuna aliyewatuma.

Zahanati nilikokwenda, muuguzi hakuinua hata macho. "Mama, mimba si ugonjwa. Jikaze." Mavyaa wangu alinena vivyo hivyo. Jirani akaongeza kwamba mimba imemchukia mume. Basi nikajikaza, kwa sababu sentensi ile ni fasaha. Ina mapigo ya methali, na sisi wapenzi wa lugha hudanganyika upesi na kitu chenye mapigo.

Kutoka kilo 57 nikashuka hadi 48. Siku moja nilianguka nikiandika mifano ya ngeli ubaoni, nikapakiwa katika lori la shule. Hospitalini mganga mmoja mzee alinibana ngozi ya mkono, akaiachia. Ikabaki imesimama kama pindo. Akautazama mkojo wangu, uliokuwa na rangi ya chai kavu, kisha akaniambia polepole: "Mwalimu, wewe ni mgonjwa." Nililia, au ningelia kama machozi yangekuwapo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi mtu kuniambia ukweli.

Walinitundikia dripu siku mbili. Baadaye ikawa kijiko kimoja cha maji yenye chumvi na sukari kila baada ya dakika chache, embe bichi nilipolipata, na viazi vilivyopoa kabisa, maana chakula baridi hakina harufu kali. Kwenye wiki ya ishirini dhoruba ilipungua. Binti yangu alizaliwa Januari 1988, mzima, mwenye sauti kubwa. Sikuzaa tena. Watu walisema ni majaliwa. Ulikuwa woga wangu, na sikumwambia mtu.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Charlotte Brontë, mwandishi wa Jane Eyre, alifariki Machi 1855 akiwa mjamzito, baada ya wiki za kutapika na kushindwa kula. Hati ya kifo iliandika kifua kikuu. Wengi waliochunguza habari zake wanaona ni maradhi haya haya. Madaktari huyaita haipaemesisi gravidaramu. Kipande cha kwanza ni Kigiriki, maana yake kutapika kupita kiasi. Cha pili ni Kilatini, na shina lake ni neno lenye maana ya "zito". Warumi nao, kumbe, walimwona mwanamke huyo kuwa ni mja mzito! Ugunduzi huo ulinifurahisha siku nzima, nikasahau kujiuliza kwa nini nausoma ukurasa ule peke yangu.

Mwaka 2016 binti yangu alinipigia simu kutoka Dodoma. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mama, hata maji hayakai." Nami, mimi niliyepakiwa katika lori, nikasikia kinywa changu kikisema: "Jikaze, mwanangu. Mimba si ugonjwa." Upande wa pili ndoo ilianguka, kisha simu ikakatika.

Nilipanda basi la alfajiri. Nilimkuta hospitalini, dripu mkononi, midomo imepasuka. Nikamsimulia yote, tangu kitambaa kibichi cha kiranja hadi kilo 48. Nikamwambia pia kwamba maradhi haya hufuata damu, jambo nililokuwa nimekwisha kulisoma. Alinitazama kwa muda mrefu.

"Kwa nini hukuniambia kabla?"

Sikuwa na jibu, na sikujaribu kulitunga. Baadaye aliokota faili lake, akalisoma lile jina la Kigiriki na Kilatini kwa kusitasita.

"Kwa Kiswahili ni nini?"

"Kutapika kupita kiasi kwa wajawazito."

"Refu mno, Mama," akasema, akafumba macho. "Mpaka ulimalize nimeshatapika."