Mgeni na Mlungula

Mgeni akaaye Mkomaindo, katika Masasi, huona udhia mwingi: vumbi la kiangazi, matope ya mvua, na karani asemaye, “Njoo kesho.” Hayo huzoeleka, mlungula hauzoeleki. Mgeni huulaani kwa sauti kuu, kana kwamba wenyeji hawauoni. Kumbe chama chao, TANU, kwa Azimio la Arusha la mwaka 1967, kiliwakataza viongozi mishahara miwili na nyumba za kupangisha; masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na wenyeji wangali wanabishana juu yake. Tena mlungula una mikono miwili. Mgeni yule yule, achokapo kungoja, hutia noti katika faili lake. Hushutumu mkono upokeao. Utoao ni wake.